Fundi Makochi Aliyetaka Kukaa Tena

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza: huyu tunayemlaza leo, fundi makochi ambaye mji mzima ulimwita Kaakwanza, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1950, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya treni. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa karani wa tiketi na mama yake alishona mashuka ya hospitali. Mama huyo alisimulia mpaka uzeeni kwamba mwanawe alichelewa kutembea kuliko watoto wake wote, na si kwa udhaifu, bali kwa kuridhika. Alikaa pale alipowekwa, akatazama watu, akacheka. Dada zake walimwekea mto kushoto na mto kulia, wakaendelea na mambo yao.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia Januari 1958 hadi Desemba 1965. Masomo hayakumsumbua, wala yeye hakuyasumbua masomo. Linalokumbukwa ni jambo alilolifanya akiwa darasa la tano. Alikuwa amechunguza, akaona kwamba mwalimu mkuu huwa mpole asubuhi na mkali mchana, na kadiri anavyokaa ofisini ndivyo fimbo yake inavyozidi uzito. Wenzake walisema ni njaa. Yeye alisema ni kiti. Siku moja wakati wa mapumziko akaingia ofisini, akakipasua kile kiti, akakuta ndani mna majani makavu yaliyosagika yakawa vumbi. Akakijaza upya kwa kitu laini alichokuwa nacho karibu, nacho kilikuwa sweta yake ya shule. Mwalimu mkuu alikaa, akainuka, akakitazama kiti, akakaa tena. Kisha akamwita mkosaji. Alimchapa fimbo mbili kwa utundu, ya tatu akamsamehe kwa ufundi, na wiki iliyofuata akamkabidhi viti vyote vya ofisi ya walimu. Mama yake aliitafuta ile sweta msimu mzima wa baridi.

Januari 1967 aliingia kujifunza kazi kwa fundi mmoja mkali aliyeishika misumari midogo kwa midomo na kugomba bila kuidondosha. Alikaa naye miaka tisa. Tarehe 3 Mei 1976 alifungua karakana yake katika mtaa wa nyuma ya posta, chumba kimoja chenye mlango mpana. Siku alipokwenda kukitazama hakuuliza jambo lolote kabla ya kuupima ule mlango, kwa kuwa kochi la watu watatu lazima lipite, hata kwa ubavu. Hapo alifanya kazi kwa miaka arobaini na sita. Viti vya sinema vilipita mikononi mwake, vya mabasi pia, na vya ukumbi wa mikutano wa mji, ambavyo alisema alivifanya vigumu kidogo kwa makusudi ili madiwani wasilale.

Jina la Kaakwanza lilitokana na ukaribisho wake. Mteja aliingia amenuna, kiti chake kimemwangusha mbele ya wageni, na kabla hajafungua kinywa aliambiwa, "Kaa kwanza." Wengi walipokaa hasira ilipungua nusu. Na alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: kochi halitoki karakana mpaka yeye mwenyewe amelikalia kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, kikubwa, na chai yake ya moto kupita kiasi. "Kochi zuri utalijua chai ikifika nusu," alikuwa akisema. "Baya linakuharakisha kuimaliza." Wateja waliokuwa na haraka walimwona mtu aliyeketi tu anakunywa chai, wakadhani anawachezea. Kumbe ndiyo saa yake ya kazi ngumu kuliko zote.

Mkewe alimpata kwa kiti, kama mnavyoweza kukisia. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya bima, na kiti chake kililia kila alipofika mwisho wa mstari. Mkubwa wake akamtuma akipeleke kwa fundi. Fundi akamwambia akae kwanza. "Nimeleta kiti," msichana akajibu, "sikuja kukaa." Aliambiwa arudi keshokutwa. Aliporudi, kiti hakijaisha. Akarudi tena, bado. Mara ya tatu akakaa, na mara ya nne akaletewa chai. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1977. Walipotimiza miaka thelathini ya ndoa, marehemu alisimama mbele ya watoto na wakwe akakiri kwamba kile kiti kilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Mama yetu akamtazama bila kushtuka. "Nilikiona kimefunikwa gunia pale pembeni," akasema. "Kwani mimi kipofu?"

Walijaliwa watoto watatu: kijana mkubwa ambaye ni dereva wa malori, binti wa kati ambaye ni mwalimu wa hesabu na ndiye anayesoma wasifu huu, na kitinda mimba ambaye ni fundi umeme. Nyumbani marehemu alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipenda kusimulia, na kosa lake lilikuwa kucheka kabla ya kufika penye kichekesho, hivi kwamba hadithi nzuri nyingi ziliharibikia njiani. Mama alizijua zote, akazimalizia kwa niaba yake.

Ugonjwa ulimjia mara mbili. Mara ya kwanza ni Februari 2012, madaktari walipomkuta na saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana. Alipigwa mionzi ya nje kwa wiki tano, akapewa dawa, akapasuliwa, akapona, akarudi kwenye misumari yake. Juu ya ugonjwa ule hakupenda kuzungumza. Alisema umekwisha, na kilichokwisha hakina hadithi.

Ikafika Julai 2016. Alikuwa ametengeneza kochi la kijani la watu watatu, la mwenye duka la dawa, kazi safi kabisa. Akamimina chai, akakaa. Chai haijafika nusu, akainuka. Akasema sponji imekosewa. Akalifumua kochi, akabadilisha sponji, akashona upya, akakaa, akainuka. Safari hii akasema ni springi. Akafumua tena. Mara ya tatu alibadilisha mpaka mikanda ya chini, na bado alipokaa kulikuwa na kitu kama msumari kinachomchoma huku nyuma, ndani. Baada ya hapo alianza kuvishuku viti vyote. Kiti cha mezani nyumbani kibovu. Benchi la kinyozi bovu. Harusini alisimama ukutani tangu mwanzo hadi mwisho, akiwaambia watu kwamba siku hizi nchi nzima inauziwa sponji isiyofaa. Mama alimwambia, "Baba watoto, mchagua jembe si mkulima." Akanuna.

Mwishowe alikwenda dukani kwa muuza sponji, rafiki yake wa miaka thelathini na moja, akamgombeza akiwa amesimama. Muuza sponji ni mtu mnene, mpole, asiyejibizana. Kesho yake alikuja karakana, akaomba chai, akaketi kwenye lile kochi la kijani. Akanywa kikombe kizima. Akaomba cha pili, akakimaliza nacho.

"Kochi halina kosa," akasema.

"Una maana gani?"

"Maana yangu ni hiyo hiyo. Kochi halina kosa. Kosa liko kwa anayelikalia. Nenda hospitali, bwana."

Marehemu alimfukuza. Siku mbili hawakusemezana. Siku ya tatu alikunywa chai ya asubuhi kwa kusimama kando ya jiko, na Mama akamwambia kesho wanakwenda kwa daktari. "Kwa nini kesho?" akasema. "Twende leo." Leo muuza sponji yupo hapa kati yetu, na familia inataka ijulikane wazi kwamba yeye ndiye aliyeuona ugonjwa kabla ya mashine yoyote.

Majibu yalitoka Jumatatu tarehe 22 Agosti 2016. Saratani ilikuwa imerudi pale pale, na safari hii ilikuwa imegandamana na mfupa wa nyuma wa nyonga. Daktari wa upasuaji, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alieleza bila kuzungusha maneno. Anaweza kuiondoa, lakini kule nyuma mfupani hawezi kukata kwa nafasi ya kutosha, na huenda chembe zikabaki. Atabaki na mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Asipofanyiwa, maumivu yatazidi, na kukaa ndiyo basi.

Marehemu aliuliza kwa nini wasimpige mionzi kama mara ile. Aliyejibu alikuwa daktari wa mionzi, mwanamke kijana aliyekuja na daftari.

"Mzee, utumbo wako ulishapokea mionzi yake yote mara ile. Tukipiga tena kutokea nje, njiani tutauchoma, unaweza kutoboka. Kuna njia nyingine. Tunapiga siku hiyo hiyo ya upasuaji. Daktari akishaondoa uvimbe, kabla hajakushona, tunausogeza utumbo pembeni, tunaingiza bomba la mashine mpaka pale pale penye wasiwasi, tunapiga mara moja tu. Dakika chache."

"Kwa hiyo mnafungua kochi kwanza."

Daktari akafunga daftari lake. "Ndiyo, mzee. Tunafungua kwanza."

"Sasa hapo tunaelewana. Mimi sijawahi kutengeneza springi kwa kupiga kitambaa juu."

Kisha akauliza swali lake moja, ambalo ndilo alilokuja nalo tangu nyumbani. "Nitakaa?"

Daktari wa upasuaji hakumdanganya. Alisema hilo ndilo wanalolitafuta, lakini hawezi kuahidi. Wengine hupata miaka, wengine miezi. Marehemu akasema sawa. Mama ndiye aliyekuwa na swali jingine, maana alikuwa ameinasa sentensi moja katika maelezo ya wataalamu: kwamba mionzi ikipigwa, wahudumu wote hutoka chumbani ili isiwafikie.

"Wote?" akauliza. "Mtu yuko wazi tumbo, mnamwacha peke yake?"

Walimweleza kwamba watamwangalia kwa kioo na kwa vipimo, kila pumzi. Mama hakutulia. Marehemu akamshika mkono. "Mke wangu, miaka arobaini sijapata dakika tano peke yangu bila kuulizwa kitu. Waache watoke." Alicheka peke yake, na kwa mara ya kwanza alicheka mahali panapostahili. Mama akalia palepale, mbele ya madaktari, na marehemu hakuacha kumshika mkono.

Upasuaji ulifanyika Jumanne tarehe 4 Oktoba 2016, ukaanza saa mbili asubuhi. Mama na binti yake waliketi kwenye ukumbi mrefu wenye taa nyeupe. Saa tisa alasiri milango ikafunguka, wakatoka watu. Akatoka daktari wa upasuaji ameinua mikono ili asiguse kitu, wakatoka wasaidizi wake, wakatoka wauguzi, akatoka wa mwisho daktari wa usingizi, mlango ukafungwa nyuma yao. Mama alikuwa ameelezwa. Alikuwa amerudia maelezo yale kwa watoto wake mwenyewe, kituo kwa kituo. Lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili, na alipoona kila mtu ametoka akajua kwamba kazi imekwisha kwa sababu hakuna tena wa kufanyiwa. Akainuka kuuendea ule mlango. Binti akamdaka.

Muuguzi mkuu aliwaona. Akaja, akamshika Mama kiwiko, akamsogeza mpaka penye mlango wa kijichumba walimokusanyika wote mbele ya kioo cha televisheni. Daktari wa usingizi alinyoosha kidole bila kugeuza macho. "Mama, ule mstari unaopanda na kushuka ndiyo pumzi yake. Umeona? Unapanda. Sasa unashuka." Watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama wakimtazama mzee mmoja akipumua. Zilikuwa dakika nne. Mama anasema katika maisha yake yote hajawahi kuona mtu akiangaliwa na watu wengi hivyo kwa moyo mmoja, wala siku ya harusi. Halafu wakaingia tena mmoja baada ya mwingine, na saa moja jioni daktari akaja kusema wamemaliza.

Kupona hakukuwa lelemama. Wiki tatu hospitalini, kidonda kikaleta ukaidi, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Lakini mnamjua. Mfuko wake wa tumboni aliupa jina la Mpangaji, akalalamika kwamba hana adabu, anazungumza wageni wanapozungumza. Hakupenda sura yake ya plastiki, kwa hiyo aliagiza mabaki ya kitambaa cha makochi, akaushonea ganda la mahameli jekundu akiwa kitandani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akataka la bluu. Muuguzi akaleta maombi ya wodi ya wanawake. Kuanzia hapo hadi kufa kwake alishona maganda zaidi ya mia nne, na binti aliyetaka kuyahesabu yote kisomi aliambiwa aache hesabu ashike sindano.

Jumapili tarehe 27 Novemba 2016, muuza sponji alikuja nyumbani na gari la mizigo. Ndani yake mlikuwa na lile kochi la kijani. Alikuwa amelichukua karakana akaliweka dukani kwake miezi yote hiyo, na mwenye duka la dawa, muungwana, hakuwahi kuuliza. Wakalipitisha mlangoni kwa ubavu. Mama akaleta chai. Marehemu alilizunguka kochi mara mbili, akaigusa mishono, akakaa taratibu kama anayeingia kwenye maji asiyoyajua. Chai ikafika nusu. Ikapita nusu. Alipokigeuza kikombe kuonyesha kwamba ni kitupu, muuza sponji alikuwa amejifuta macho kwa tai yake.

"Kochi zuri," marehemu akasema.

"Nilikwambia tangu Julai," akajibu mwenzake.

Yaliyofuata yalikuwa furaha tupu, na hatuna haya kusema hivyo mbele ya jeneza. Alirudi kazini. Alikaa kwenye harusi mbili za wajukuu, mstari wa mbele, akazikosoa meza na kuvisifu viti. Alipanda treni na Mama kwenda kumwona dada yake, safari ya saa kumi na moja, akakaa zote. Alipokwenda kliniki kila miezi sita hakuweza kuyavumilia mabenchi ya wodi ya saratani, na siku moja muuguzi mpya alimkuta amelala sakafuni chini ya benchi na bisibisi mkononi, akadhani mgonjwa ameanguka, akaita machela. Mabenchi hayo sasa yana sponji, iliyotolewa na mtu mnene tuliyekwisha kumtaja.

Novemba 2022 alianza kikohozi, na picha zikaonyesha kwamba ugonjwa umefika kwenye mapafu. Safari hii hapakuwa na la kukata. Daktari wa upasuaji aliziweka picha zote ukutani, za mapafu na za nyonga, akamwonyesha kule nyuma mfupani. Palikuwa safi. Miaka sita, palikuwa safi. Marehemu alipatazama muda mrefu, akavaa miwani, akapatazama tena. "Kazi nzuri," akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa mafundi wenzake, na tunaomjua tunajua hakuwahi kuitumia ovyo. "Wapeni salamu zangu na wale waliotoka nje."

Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Alikuwa ameketi kando ya Mama, miguu juu ya stuli, akimsimulia habari za dereva mmoja wa basi aliyemletea kiti chake miaka ya themanini akidai kina sauti. Mama alikuwa hajawahi kuisikia hiyo. Marehemu alianza kucheka kabla ya kufika mwisho, kama kawaida yake, akapumzika kidogo ili apate pumzi. Mama akangoja. Aliendelea kungoja kwa muda kabla ya kuelewa. Dereva alijibiwa nini hatujui, na kama yupo hapa mtu anayejua, familia itashukuru.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja wa miezi miwili, dada wawili, na rafiki mmoja muuza sponji ambaye kwetu ni baba mdogo. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa miaka yote.

Mama ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema, bila mwalimu kuyasahihisha: "Siku ile mlango ulipofungwa nilishakuwa mjane. Nikarudishiwa mume, miaka sita na miezi minne, mzima, anapiga kelele nyumba nzima. Leo nalia, nitalia na kesho. Lakini msiniambie pole tu. Niambieni na hongera."

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake, ampe amani isiyo na maumivu.